Mkalimani wa miaka kumi na tatu: kisa cha familia ya Iringa jijini Torino

Mwezi wa Januari hospitali moja ya Torino, kaskazini mwa Italia, ilinipigia simu ikitafuta mtu wa Kiswahili. Mama wa Kitanzania alikuwa amepangiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye kizazi, na daktari wa usingizi alikuwa amekataa kupokea saini yake. Alikataa kwa sababu aliyekuwa akimweleza mama hatari za upasuaji alikuwa bintiye wa miaka 13. Nilipofika nilimkuta binti ameshika folda ya bluu, karatasi zote za mama yake zimepangwa kwa tarehe. "Shikamoo shangazi," akanisalimia, na kabla sijakaa akaanza kunipa historia ya ugonjwa kama nesi anayekabidhi zamu.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Nikamuuliza kuhusu shule. Akasema ameomba ruhusa. Aliiomba kwa nani, nilikuja kujua baadaye, na humo ndimo kisa chenyewe kilimojificha.

Naandika kwa ridhaa ya wazazi na ya binti mwenyewe. Majina siyataji, wala shule na hospitali, na mambo ambayo yangewatambulisha nimeyaondoa. Kazi yangu hapa ni ya kukaa katikati: natafsiri, na inapobidi naueleza upande mmoja kwa mwingine. Waitaliano wanatuita mediatori. Kisa hiki nakiandika kwa sababu nyumba nyingi za Waswahili ninazoingia huku zina mtoto mwenye folda, na watu wazima wanaomzunguka, wetu na wao, humsifia tu.

Familia

Baba anatoka vijiji vya Iringa ambako jina la Torino si geni. Shirika la Wamisionari wa Consolata lilianzishwa katika mji huu mwaka 1901 na padri Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Wamisionari wake walifika Kenya mwaka 1902, na Iringa mwaka 1919. Wapo wazee wa Kihehe waliobatizwa, kutibiwa au kufundishwa useremala na watu waliotumwa kutoka hapa, na hapa nako wapo mapadri na masista wazee waliorudi kupumzika, wenye Kiswahili chenye lafudhi ya nyanda za juu kusini. Ukipita karibu na kanisa la Consolata ukasema "kamwene", unaweza kujibiwa.

Baba alikuja kijana kwa kazi ya ufundi, akabaki. Leo anapanga mizigo ghalani, zamu ya usiku. Kumleta mke na watoto kulimchukua miaka mingi, kwa kuwa sheria inadai kipato kinachopanda kwa kila mtu unayemleta, na nyumba iliyothibitishwa na manispaa kwamba inatosha idadi hiyo ya watu. Ndipo ofisi ya prefetura, mwakilishi wa serikali kuu mkoani, hutoa kibali cha kupeleka ubalozini kuombea viza. Tangu mwisho wa mwaka 2024 limeongezwa, kwa anayemleta mke au mume, sharti la kuwa umeishi nchini kihalali kwa miaka miwili. Mtu anayefanya kazi usiku na kulala mchana ili afikishe kipato hicho hana saa ya kwenda darasani, na Kiitaliano cha baba kikabaki cha ghalani: namba, maagizo, majina ya mizigo. Na msimamizi wake wanaelewana vizuri. Barua ya serikali ikifika, haielewi.

Mama alifika na watoto wawili: binti aliyekuwa ameanza darasa la sita, na mdogo wake wa kiume ambaye alikuwa hajaanza shule. Wa tatu amezaliwa hapahapa. Wanaishi ghorofani Barriera di Milano, kaskazini mwa mji, si mbali na njia ya tramu namba 4. Jumamosi wanashuka nayo hadi Porta Palazzo, soko la wazi ambalo wenyeji wanajivuna kwamba ni kubwa kuliko yote Ulaya, kununua mboga za majani na viazi. Ugali wao mara nyingi ni wa njano, wa unga wa polenta, kwa sababu sembe nyeupe ya maduka ya Waafrika ina bei. Mama anapiga deki ngazi za majengo ya watu kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Kati ya saa hiyo na baba kurudi kutoka kazini, mwenye nyumba ni binti.

Hii ni nyumba yenye nidhamu na upendo. Nalisema mapema kwa sababu kila niliyemsimulia kisa hiki alitafuta kwanza mzazi mbaya, na hakuna.

Ofisi ilivyohamia kwa mtoto

Sheria ya Italia inampa kila mtoto haki ya shule, awe na hati au asiwe nazo, mwezi wowote wa mwaka, na inaelekeza awekwe kwenye darasa la umri wake isipokuwa walimu waamue vinginevyo. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akisoma kwa Kiswahili Iringa alijikuta katikati ya shule ya kati ya Kiitaliano bila neno hata moja. Mwaka haujageuka, alikuwa anaongea. Watoto ndivyo walivyo. Kiitaliano cha wazazi hakikuwa kimesogea, na hapo mizani ya nyumba ikabadilika bila mtu kuamua.

Mambo yalianza madogo. Asome karatasi ya dawa. Asome tangazo la msimamizi wa jengo kwamba joto la mabomba litawashwa tarehe 15 Oktoba na litazimwa 15 Aprili, kwa hiyo baridi ya mwanzo wa Oktoba itabidi ivumiliwe kwa blanketi. Aeleze taka zipi zinaingia pipa lipi, maana jirani wa chini amelalamika. Walipohamia nyumba wanayoishi sasa, askari wa manispaa alikuja kuhakiki kwamba kweli wanaishi pale, hatua ambayo bila hiyo huandikwi mkazi. Baba alikuwa amelala, mama yuko kazini, na aliyejibu mlangoni ni binti. Alijibu vizuri. Kila alipojibu vizuri, mambo yakaongezeka.

Halafu kuna simu. Tangu Oktoba 2021 huduma nyingi za serikali ya Italia zinafunguliwa kwa kitambulisho cha kidijitali, SPID au kadi ya kielektroniki. Posho ya watoto, inayolipwa na INPS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, tangu Machi 2022, inaombwa humo. Tamko la kipato cha familia, ISEE, linakwisha kila tarehe 31 Desemba na kuanza upya, na ndilo linaloamua utalipa kiasi gani kwa chakula cha shule na kwa chekechea. Baba alitengenezewa SPID yake, namba ya siri inaingia kwenye simu yake, na mtu pekee nyumbani anayejua ibonyezwe wapi ni binti. Serikali ilipoondoa dirisha lake kwenye kaunta ikaliweka kwenye simu, katika nyumba hii iliyakabidhi mambo hayo kwa mtoto.

Rejesta ya shule nayo imo humo. Mwanafunzi akikosa siku, mzazi ndiye huingia kwenye rejesta ya kielektroniki na kueleza sababu. Neno la siri la baba alikuwa nalo binti. Siku za kwenda na mama kwa daktari, siku za kwestura, ofisi ya polisi inayotoa vibali, kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kibali cha kuishi, siku ya kumpeleka mdogo wake chanjo, alijiandikia mwenyewe: sababu za kifamilia. Hakuandika uongo hata mara moja. Ile ruhusa ya Jumanne aliyoniambia, alikuwa ameiomba kwake mwenyewe na kujikubalia.

Ushauri wa Desemba

Kwa wasomaji walio mbali, inabidi nieleze jambo moja la shule za huku, maana ndilo lililofanya kisa kiwe na haraka. Mtoto akiwa na miaka 13 au 14, mwaka wa tatu wa shule ya kati, anachagua njia. Kuna licheo, inayoegemea masomo ya nadharia, kuna tekniko, ya masomo ya ufundi, kuna profesionale, inayoandaa kwa kazi. Zote tatu kwa kawaida ni za miaka mitano na diploma ya yoyote inakufungulia chuo kikuu, lakini saa za hesabu, sayansi na lugha hazilingani, na aliyepita njia moja hafiki chuoni na mzigo uleule wa maarifa. Kabla ya Krismasi walimu huandika ushauri kwa kila mwanafunzi. Dirisha la kujiandikisha hufunguliwa mtandaoni Januari na kufungwa mwisho wa mwezi huo au ndani ya Februari. Ushauri haumfungi mzazi hata kidogo. Wazazi wetu wengi huupokea kama amri, na inajulikana wazi kwamba watoto wasio na uraia wa Italia wanaishia kwenye profesionale kwa uwiano mkubwa kuliko wenzao.

Binti huyu alikuwa na 9 ya hesabu katika 10, 8 ya sayansi, na Kiitaliano cha kupapasa kwenye 6, ambayo ndiyo alama ya kufaulu. Alikuwa na siku nyingi alizokosa. Mwaka wa shule hauhesabiki bila kuhudhuria robo tatu ya saa zake, na shule ya kati kwa kawaida ina saa 990 kwa mwaka. Alikuwa hajafika mpaka huo, ila alikuwa anaukaribia, na walimu walianza kumsoma kwa jicho hilo: mtoto mwenye akili ambaye shule haimshiki. Wakati huohuo walikuwa wameshamwona na folda yake, wameshasikia jinsi anavyomsindikiza mama. Wakaweka mawili hayo pamoja na kumshauri profesionale, mkondo wa huduma za afya na ustawi wa jamii. Karatasi ilitaja utoro, udhaifu wa lugha, na kipaji chake cha kujali wengine.

Sina neno baya juu ya mkondo huo, na wauguzi na walezi wanaotoka humo nafanya nao kazi kila wiki. Ninachosema ni kwamba walimu waliukuta mzigo mgongoni mwa mtoto wakauita kipaji.

Mkutano wa kuueleza ushauri ule ulikuwa mfupi. Baba alitoka kazini moja kwa moja, mama akambeba mdogo, na mkalimani alikuwa yuleyule anayejadiliwa. Nimewasikiliza wote waliokuwamo. Walimu wanasema walieleza kila kitu, wazazi wakakubali, baba akashukuru. Wazazi wanasema waliambiwa mtoto anaendelea vizuri na achague apendacho. Kwa hiyo baba akashukuru. Shukrani ilikuwa ya kweli pande zote, na hakuna upande uliokuwa umesikia mwenzake.

Alidanganya kwa faida ya nani

Baba alipojua kilichosemwa hasa mkutanoni, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kumbe ametudanganya." Mwalimu mmoja naye alisema mtoto alificha habari mbaya ili asigombezwe. Kwa mtoto wa umri ule ni dhana ya kwanza inayokuja, na ingetosha kama usingeangalia uongo wenyewe ulielekea wapi.

Binti alitaka licheo ya sayansi. Rafiki zake walijua, na mama alijua kwamba anazungumzia uhandisi tangu Iringa. Angetaka kujipendelea, angewaambia walimu kwamba wazazi wamekataa profesionale na wanataka licheo. Nani angembishia, na yeye ndiye mdomo wa wazazi? Badala yake aliwaambia walimu kwamba wazazi wameafiki, na akawaambia wazazi kwamba njia ile ameichagua kwa hiari yake. Uwezo wote wa chumba kile ulikuwa mikononi mwake, akautumia dhidi yake mwenyewe.

Nilimuuliza kwa nini, tukiwa kwenye tramu tunarudi kutoka hospitali. Alinyamaza vituo kadhaa. Kisha akasema, "Shangazi, licheo wanasoma sana nyumbani mchana. Nani ataenda na mama?"

Alikuwa ameshapiga hesabu. Profesionale aliyoshauriwa ilikuwa karibu na nyumbani, na alikuwa amesikia kwamba kazi za nyumbani ni chache. Alijua chanjo ya mdogo wake wa mwisho ni lini, kibali cha kuishi cha mama kinaisha lini, upasuaji ni lini. Wazazi hawakuwa na kalenda hiyo kichwani. Yeye alikuwa nayo. Alifanya uamuzi ambao mtu mzima mwenye majukumu yale angeufanya, na tatizo liko hapo hasa, kwamba majukumu yalikuwa ya mtu mzima na maisha yaliyotolewa sadaka ni ya mtoto.

Yaliyopotea kwa daktari

Upande wa hospitali ulikuwa na hatari kubwa zaidi, na ninauona haujadiliwi vya kutosha.

Mama alikuwa akitokwa damu nyingi kila mwezi kwa muda mrefu. Kwa daktari wa familia, mbele ya bintiye, alisema tumbo linamuuma. "Dada, nitamwambiaje mtoto atamke yale?" aliniambia. Daktari akatibu tumbo. Ni vipimo vya damu vilivyofichua upungufu mkubwa, na ndipo akapelekwa kwa daktari wa wanawake. Huko nako binti alipunguza maneno kwa upande wake: daktari aliposema kwamba katika hali fulani huenda ikabidi kizazi kiondolewe, yeye alitafsiri kwamba watatoa uvimbe na mama atapumzika siku chache. Mama alimficha mtoto aibu, mtoto akamficha mama hofu, na daktari aliyekaa mbele yao akidhani anazungumza na mgonjwa hakupata lolote kati ya hayo mawili. Daktari wa usingizi aliyegoma kupokea saini ndiye mtu wa kwanza katika mlolongo wote huu aliyeuliza swali sahihi, na namshukuru hadi leo.

Kulikuwa na padri mzee wa Consolata, aliyekaa Iringa miaka mingi, ambaye alijitolea kwenda na mama hospitali. Familia inampenda na Kiswahili chake ni kizuri. Mama alimshukuru, akakataa. Mambo ya kizazi huyapeleki kwa Baba Padri. Kwa hiyo kujua lugha peke yake hakumfanyi mtu awe mkalimani anayefaa, na wale wanaosema "mtafutieni yeyote anayejua Kiswahili" hawajawahi kukaa kwenye chumba hicho. Nilichomwelekeza mama ni konsultorio, kliniki za familia za serikali zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Huduma zake kwa wanawake na wajawazito ni za bure, na unaweza kuomba mediatori mwanamke.

Kutumwa nyumbani na kutumwa ugenini

Neno zito lilitamkwa shuleni: kwamba wazazi wanamtumikisha mtoto, na huenda ustawi wa jamii uarifiwe. Kila Mswahili anayeishi huku anajua hofu inayofuata neno hilo, ya kunyang'anywa mtoto. Nililipinga palepale, na nalipinga hapa.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hutumwa. Anapeleka barua kwa mwenyekiti wa kitongoji, anabeba mdogo wake, anakwenda dukani na kurudi na chenji kamili. Huko ni kulelewa, na binti huyu amelelewa vizuri. Lakini angalia kilichokuwa kimezunguka kutumwa huko. Mtoto alipeleka ujumbe ambao kila mtu njiani aliujua. Jambo la kizazi cha mama lilikwenda kwa mama mdogo au shangazi. Jambo la shule lilikwenda kwa baba mdogo aliyesomea ualimu. Kesi ya shamba walikalia wazee. Kila jambo lilikuwa na mtu mzima wake, na mtoto alikuwa miguu tu. Torino hapana shangazi, hapana baba mdogo, hapana mwenyekiti. Viti vyote vile vilibaki vitupu, na mtoto mmoja akawekwa kuvikalia vyote. Wazazi hawakubadilisha desturi yao hata chembe. Watu waliokuwa wakiishika desturi hiyo upande wa pili ndio hawakuwepo.

Shule nayo ina fungu lake. Inaweza kuomba mediatori, lakini ni maombi, ni saa za bajeti, na Kiswahili si Kiarabu wala Kiromania ambavyo watu wake ni wengi mjini. Jibu lililotolewa na kukubalika lilikuwa kwamba binti anaongea vizuri sana, hakuna haja. Sifa hiyo iliokoa fedha.

Kikao cha pili

Dirisha la kujiandikisha lilikuwa bado wazi. Tuliomba kikao: baba, mama, mwalimu msimamizi wa darasa, mwalimu wa hesabu, na mimi. Binti alikuwa darasani akisoma, na hilo nililiweka kuwa sharti.

Nilimwomba mama aje na folda ya bluu. Mwalimu alifungua orodha ya siku alizokosa. Mama akatoa karatasi za miadi. Tukazisoma tarehe kwa tarehe, shule upande mmoja, hospitali, kwestura, posta na chanjo upande wa pili. Zililingana. Mwalimu wa hesabu alikuwa wa kwanza kuzungumza, akasema alidhani mtoto amechoka na shule. Kisha akauliza kwa nini isiwe licheo ya sayansi, ule mkondo wa sayansi tumizi usio na Kilatini na wenye kompyuta zaidi, kwa kuwa hesabu zake zinatosha na Kiitaliano kitafundishika. Swali hilo lingeulizwa Desemba kama karatasi zile mbili zingekutana Desemba.

Baba alitaka kulala nalo kwanza. Kesho yake akanipigia: "Dada, nimemleta asome. Kama kikwazo ni hospitali, hospitali nitakwenda mwenyewe nikitoka kazini. Nitalala baadaye." Uandikishaji ulifanywa siku hiyo, naye akiwa ameshika simu yake kwa mikono yake.

Yaliyobaki yalikuwa kugawa folda. Karatasi za kibali na za ISEE zilikwenda patronato na CAF, ofisi ambazo familia nyingi hazijui kwamba zinajaza sehemu kubwa ya fomu hizi bila malipo. Miadi yote ya tiba sasa inaombwa pamoja na mediatori, na ombi linafanywa siku ya kuweka miadi, maana siku yenyewe hapatikani mtu. Kozi ya Kiitaliano kwa mama ilisumbua kuliko yote. Vituo vya serikali vya elimu ya watu wazima, CPIA, vipo, ila saa zake ziligongana na ngazi za kupiga deki na mtoto wa kunyonya. Ilipatikana ya asubuhi baada ya kazi, na yule wa mwisho akaingia chekechea kwa ada inayopimwa kwa ISEE. Binti alibakiwa na mambo ya kawaida ya mtoto wa nyumbani: kusoma matangazo ya jengo, kumsaidia mdogo wake wa kiume hesabu. Baba akabadilisha neno la siri la rejesta.

Hasira

Nilitarajia mtoto apumue. Hakupumua. Alikasirika, na hasira ilidumu miezi.

Kwa wiki nyingi hakunisalimia. Mama alipojaribu Kiitaliano chake dukani, binti alimsahihisha mbele ya watu kwa sauti ya mwalimu. Alipogundua neno la siri limebadilishwa alilia usiku kucha, na mama alidhani amekosea kumwondolea mzigo. Nadhani sisi tunaofanya kazi hii hatukipi kipengele hiki uzito wake. Kwa muda wote ule mtoto yule alikuwa mtu mkubwa. Madaktari walimtazama machoni, karani wa kwestura alimjua kwa jina, baba alimwuliza kabla ya kuamua. Tukamtoa pale tukampeleka kwenye darasa la wanafunzi waliosoma vitabu vya Kiitaliano tangu utotoni, akawa wa mwisho katika insha. Alipoteza cheo na hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa na haki ya kukilalamikia. Na alikuwa na hofu ya kweli: kwamba mama atakosea kitu, na kosa litamdhuru mtu.

Dawa iliyofanya kazi waliitafuta wenyewe. Jumapili baba akiwa na mapumziko humchukua wanatembea kandokando ya mto Po, na amejizuia kabisa kumpa karatasi ya kusoma siku hiyo. Mama ameanza kumsimulia makosa yake ya darasani, pamoja na yale aliyopatia. Upasuaji ulikwenda salama, kizazi kikabaki, na damu imepanda. Juni ya mwaka uliofuata binti alifaulu mwaka wa kwanza wa licheo isipokuwa Kiitaliano, akapewa deni la mtihani wa mwisho wa likizo, na akalilipa.

Ninayemwangalia sasa ni mdogo wake wa kiume. Ameanza shule akiwa mdogo, Kiitaliano chake kimeshampita dada, na majuzi mama alimnyooshea bili ya umeme kabla hajakumbuka. Shule yake imeshaniweka kwenye orodha ya mkutano wa wazazi wa Novemba. Ombi aliliandika baba mwenyewe mwezi Septemba, kwa Kiitaliano chake cha ghalani, mistari miwili, na ofisi ya shule ikalipokea bila swali.